Mbuzi Wawili wa Munigi

Ukipita Majengo miaka ile ya uasi, kabla mlima Nyiragongo haujamwagika mjini, ulimsikia Rachidi kwanza, kumwona ni baadaye. Alikuwa na duka la vipuri vya malori, lakini vipuri vilikuwa kisingizio tu. Watu walikwenda pale kusikia nani kaoa, nani kakimbia, na komanda gani wa waasi kaonekana kwa nani akinywa nini. Babu yake alitoka Kasongo kule Maniema na msafara wa wachuuzi, na Rachidi mwenyewe aliacha shule mwaka wa tano wa primeri, yaliyobaki akafundishwa na barabara. Nyumbani kwake kulikuwa na viti vitano na wageni ishirini. Mkewe, Farida, alikuwa hapimi unga. Aliweka sufuria kubwa motoni kila siku na kumwachia Mungu hesabu ya walaji.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia katika chama ambacho sharti lake la kwanza kwa mgeni ni kufunga mdomo.

Chama chenyewe, cha Wafremaso, kilikuwa na nyumba mtaa wa Himbi, yenye geti la kijani na ukuta mrefu. Majengo nzima ilijua kinachofanyika mle ndani, ingawa hakuna aliyewahi kuingia. Alima, jirani yao muuza mandazi, ndiye aliyejua zaidi ya wote: kuna jeneza, kuna fuvu la kichwa, na kila mfremaso anatoa roho ya mtu wa kwao ndipo apate mali. Ukimwuliza aliyemwambia, anasema kila mtu anajua.

Ukweli ni kwamba fuvu lilikuwepo, kwenye chumba kidogo cheusi ambamo mgeni anafungiwa peke yake kabla ya kupokelewa, aandike anadaiwa nini na Mungu, na nafsi yake, na watu wengine. Ukitoka hapo unakuta wanaume kama ishirini na watano wenye suti, glavu nyeupe na aproni ya ngozi kiunoni: daktari, walimu, mwuza simenti, mawakala wa forodha. Katikati, juu ya meza ndogo, vitabu vitatu vimefunguliwa: Biblia, Kurani, na cha tatu chenye kurasa tupu kwa ajili ya asiyesadiki chochote. Na kazi yao ni kubishana. Mmoja anasoma andiko aliloliandaa, wenzake wanalipima. Je, anayejua damu inavyozunguka mwilini bado ana haja ya kusali? Je, akili inaweza kumthibitisha Mungu, au inaweza tu kumzunguka kama kuku anavyoizunguka nyumba? Mambo kama hayo, kwa adabu, bila kukatana kauli. Rachidi hakuwahi kusikia watu wakibishana saa tatu nzima bila mtu kutukaniwa mama.

Aliyemleta ni Modeste, mwalimu wa filozofi, mtu mnene mpole aliyeacha seminari miezi miwili kabla ya kupewa upadri. Walijuana dukani, wakapendana. Hao watu hawampokei mwanaume bila kumwuliza mkewe, kwa hiyo walikuja pia kwa Farida, wakakaa, wakala, wakamwuliza kama ana neno. Farida akawaambia kama watamfundisha kunyamaza, wamchukue hata leo.

Na kunyamaza kulikuwa jambo lenyewe. Anayeanza wanamwita mwanagenzi. Anaketi safu ya kaskazini, upande ambao wao wanasema jua haliufikii, na kwa mwaka mzima haombi kusema, hajibu, hata kukohoa kwa maana hakohoi. Akiwa na neno analiandika kwenye karatasi na kulipeleka kwa msimamizi wa wanagenzi, naye atalisoma akiona linafaa. Msimamizi huyo alikuwa Modeste mwenyewe. Juu ya hayo kuna kiapo: ya ndani hayatoki nje. Wakristo waliapa kwa Biblia. Rachidi alivua glavu, akaweka kiganja juu ya Kurani, akaapa mbele ya Mungu anayemjua tangu utoto. Wengine huenda walikiona kiapo kile kama desturi nzuri ya watu wazima. Yeye alikiona kama kiapo.

Miezi ya kwanza aliteseka. Alitoka mle ndani maneno yamemjaa hadi kooni, akafika dukani akayamwaga ya mtaani mara mbili ili kufidia. Halafu, polepole, akaanza kuuonea fahari ukimya wake. Mtu wa primeri ya tano ameketi sambamba na daktari, mikono juu ya mapaja, na daktari anamwita ndugu. Akisema, watajua hakusoma. Akinyamaza, nani atajua?

Jumapili ya tarehe sita Januari, mwaka elfu mbili na mbili, Rachidi na Farida walipanda Munigi, kijiji cha chini ya mlima, kumwona mama yake Farida. Mukamugema alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwenye shamba la migomba na maharage juu ya mawe meusi ya moto wa zamani. Binti yake alipoolewa na Mwislamu na kubadili jina alilia wiki moja, kisha akampenda mkwe kwa sababu alimchekesha. Siku ile alikuwa na hasira. Mbuzi wake wawili walikuwa wamekufa kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba. Hawakuumwa wala kujeruhiwa. Walilala tu kama wamesinzia.

Watu wa huko wanaijua hiyo kitu. Wanaiita mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kujaa mashimoni bila harufu wala rangi, ukiinama humo huinuki. Ila mazuku ina makao yake, na kila mtu anayajua makao hayo na kuyakwepa. Pale nyuma ya nyumba Mukamugema alifunga mbuzi miaka ishirini, na mama yake kabla yake, hakufa hata kuku. Halafu akawaonyesha la pili. Viazi vitamu alivyochimba kando ya bonde vilitoka vimelainika, kama vimetiwa mvuke. Rachidi aliweka kiganja chini. Ardhi ilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu.

"Sasa sitatafuta kuni tena," Mukamugema akasema. "Mulima unanipikia."

Walicheka wote watatu, na viazi wakavila.

Wiki ile Rachidi alisimulia Majengo nzima habari za mama mkwe ambaye viazi vyake vinachimbwa vimeiva. Alima alicheka hadi akakaa chini. Hadithi ikafika sokoni, ikafika kwa madereva wa njia ya Kiwanja, ikarudi imeongezewa: sasa bibi kizee anachimba chipsi. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Alilisema neno hilo mbele ya kila mtu asiyejua la kulifanyia.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili walikutana Himbi saa nane mchana, maana waasi walikuwa wanafunga barabara mapema. Andiko la siku hiyo lilikuwa la Birindwa, mwalimu wa fizika kutoka upande wa Bukavu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Kila mtu alimjua kwa ugonjwa wake wa mlima. Alikuwa amejitengenezea chombo nyumbani kwake, jiwe zito linaloning'inia na kalamu inayochora kila mtetemeko, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ananakili michoro hiyo kwenye daftari. Andiko lake aliliita "Ninachojua na ninachosadiki."

Alisoma bila kunyanyua macho. Tangu Oktoba mitetemeko imezidi, na mwezi huu imezidi kuzidi. Moshi wa Nyiragongo umekuwa mweusi. Mlima ukipasuka safari hii, hofu yake ni kwamba hautamwagika kwa juu. Utapasuka ubavuni, chini, karibu na watu. Hicho ndicho anachokisadiki. Lakini kukijua bado. Anakosa kitu kimoja. Angehitaji habari za chini ya mlima, upande wa Munigi, kama ardhi imeanza kupata joto, kama mazuku imejitokeza mahali ambapo haina desturi ya kutokea. Kupanda mwenyewe hawezi, njia zina watu wenye bunduki na mara mbili wamemrudisha.

"Mutu akiniletea hilo neno moja," alisema, na hapo ndipo alipoinua macho, "kesho asubuhi niko kwenye redio, hata wanifunge. Bila hilo, mimi ni mwalimu aliyeota ndoto mbaya."

Mikono ya Rachidi ililoa ndani ya glavu.

Wakaanza kusema, mmoja mmoja, kwa zamu. Mwuza simenti alikumbusha kwamba chama hakigusi siasa, na kwenda redioni katika mji ulioshikwa na waasi ni kuwagusa wakubwa. Daktari Nsabimana, aliyekuwa anakalia kiti cha mashariki na kuendesha kikao, alisema roho zetu ziko mkononi mwa Mungu, lakini Mungu huyohuyo ndiye aliyempa Birindwa kalamu na lile jiwe, kwa hiyo kungoja Mungu si lazima kuwe kutofanya kitu. Ilikuwa kauli nzuri, ila hakuifikisha popote. Kisha akasimama Modeste. Alisema vizuri kuliko siku zote. Alitenganisha kujua na kudhani, kudhani na kusadiki. Aliuliza mtu ana haki gani ya kuwatia maelfu hofu ambayo yeye mwenyewe hajaithibitisha. Maana hofu nayo inaua, watu wakikimbia watakanyagana, watazama ziwani, wazee watakufa njiani. Mwenye hekima hukaa na shaka yake hadi ushahidi uje. Wengi waliitikia kwa kichwa. Hata Birindwa aliitikia, na Rachidi akaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwisho, kabla ya kufunga kazi, wana desturi. Mwenye kiti anauliza kama kuna aliyebaki na neno, na wasimamizi wawili wanajibu kila mmoja kwa safu yake. Daktari akauliza. Msimamizi wa kusini akajibu. Modeste akaitazama safu ya kaskazini, akamwona Rachidi ameketi wima, ametokwa na jasho, macho yamemtoka. Labda alidhani ni andiko limemgusa.

"Ukimya umetawala katika safu yangu," akasema.

Nyundo ikagonga mara tatu. Na daktari, kwa wema tu, aliongeza kwamba wanagenzi wa mwaka huu wamejifunza, hasa ndugu Rachidi ambaye wengi walidhani hatamaliza mwezi. Walicheka kwa upendo. Rachidi naye akacheka. Unaona ubaya wa kusifiwa.

Baada ya kazi kuna chakula cha pamoja. Birindwa hakukaa, anakaa mbali, na vizuizi vya askari vilikuwa karibu kuwekwa. Rachidi alimfuata Modeste mezani, akainama sikioni mwake.

"Papa Modeste, niko na neno juu ya yale ya ndani. Ni juu ya mbuzi."

"Mbuzi?" Modeste akatabasamu, sahani mkononi. Mtu wa pembeni akauliza kama ni mbuzi wa kuchoma. "Ndugu yangu, ya ndani hatuyaleti mezani, unajua. Andika. Andika vizuri, nitalisoma kikao kijacho mbele ya wote, na jina lako juu yake."

Kikao kijacho kilikuwa tarehe ishirini na sita.

Jina lake juu yake. Hilo ndilo lililomwingia. Alikwenda nyumbani akijiona amesimama, kwa kinywa cha Modeste, mbele ya daktari na wale wote, na neno ambalo mwalimu wa fizika alilikosa. Wala hakupanga kungoja hadi tarehe hiyo, hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliazimia kuliandika haraka, ampelekee Birindwa shuleni mkononi, kama ndugu anavyompelekea ndugu barua. Hapo hatakuwa amevunja kitu.

Sasa, Rachidi aliandika oda za vipuri maisha yake yote. Hakuwahi kuandika andiko. Jumapili alianza kwa Kifaransa, akakwama kwenye mstari wa pili. Jumatatu alinunua daftari jipya. Alitaka kuanza kama wanavyoanza wao, kwa heshima kwa Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, ndivyo wanavyomwita Mungu, kisha aseme juu ya akili na juu ya imani, kisha ndipo aingie kwenye mbuzi. Maana mbuzi wakija wa kwanza watu watacheka tena kama mezani. Alichana. Wateja walimkuta ameinama kaunta na kuuliza kama anaandikia mchumba. Jumanne ardhi ilitikisika, bering zikaanguka rafuni, akaziokota akarudi kwenye mstari wake. Kama angetoka na kumfuata Birindwa shuleni kwa mguu angemaliza kila kitu kwa dakika ishirini. Aliliwaza hilo. Akawaza pia Birindwa akimtazama kwa ile miwani yenye waya na kumwuliza kwa nini hakupitia kwa msimamizi wake.

Jumatano roho ilimsumbua, akapanda Munigi kwa pikipiki, peke yake, jambo ambalo mkwe halifanyi bila sababu. Mukamugema alikuwa anaanika maharage. Alifuta mikono, akamwekea kiti.

"Mukwe wangu, kuna mutu amekufa?"

"Hapana, mama. Tumekukumbuka. Farida anasema uje ukae kwetu siku kidogo."

"Na maharage?"

"Yatakauka yenyewe."

"Yatakauka kwa tumbo za mbuzi za watu." Alimwangalia vizuri. Alikuwa mwanamke aliyezika watoto watatu na mume, akipita vita na vita, na uso wa mtu anayeficha jambo aliujua. "Rachidi. Kuna kitu unajua?"

Kiganja chake kiliikumbuka Kurani, baridi ya jalada lake. Ya ndani hayatoki nje. Na kwani anajua nini? Birindwa mwenyewe alisema hajui. Modeste, mtu wa vitabu, aliwaonyesha wote kwamba hawajui.

"Hapana, mama," akasema.

Basi Mukamugema akacheka, akasema mkwe anayemkumbuka mama mkwe siku ya Jumatano hajawahi kumwona, na akitaka kumkumbuka vizuri alete sukari. Akampa viazi ampelekee Farida.

Siku ileile Rachidi alimaliza andiko. Ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili, na mbuzi walikuwa mstari wa nne.

Alhamisi asubuhi alitoka nalo mfukoni kwenda shuleni kwa Birindwa. Hakufika. Watu walikuwa wamesimama barabarani wote wamegeukia kaskazini, na kule juu ubavu wa mlima ulikuwa umefunguka unatoa moshi kama lori bovu. Alipanda pikipiki kuelekea Munigi. Karibu na uwanja wa ndege askari wa waasi walikuwa wamefunga njia. Wanaoshuka wapite, wa kupanda hakuna. Alibembeleza, aliapa, alitaja majina ya makomanda. Alisimama pale hadi mchana akiwauliza wanaoshuka, wenye magodoro, wenye kuku, wenye wagonjwa mgongoni. Mwanamume mmoja wa Munigi alimjua. Akamwambia muzee wake, Mukamugema, amebaki. Anasema mwaka wa sabini na saba alikuwa palepale, moto ulipita kule ng'ambo, na hata huu unapita kule ng'ambo, mutu yeyote anauona. Amekaa na maharage yake.

Mchana ule moshi mpya ukainuka. Huu haukuwa mbali. Ulitoka Munigi yenyewe, ardhini, mahali ambapo hakuna mlima.

Usiniulize habari za siku zile, waliokuwepo wanazijua. Mji ulikatwa vipande viwili na mto wa mawe yanayowaka, watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi na watoto na masufuria, wengine wakakimbilia Sake. Nyumba ya Rachidi haikuguswa. Moto ulipita mitaa miwili kutoka kwake. Waliporudi, Farida alitembea hadi Munigi juu ya mawe ambayo bado yaliyeyusha kandambili. Hakukuwa na nyumba, migomba, wala bonde. Kulikuwa na ufa mweusi unaotoa mvuke, na pande zote mbili mawe. Hakuna kilichopatikana cha kuzika.

Matanga yakafanyika bila maiti. Uwanja wa Rachidi ulijaa kama ulivyokuwa unajaa siku zote, Waislamu wa Majengo mkeka mmoja, Wakatoliki wa Munigi na rozari zao mkeka mwingine. Na siku ya pili maneno yakaanza. Yalianzia kwenye sufuria za nje, yakapita mikeka yote miwili. Alhamisi mji unaungua, Jumatano mfremaso anapanda kwa mama mkwe peke yake. Alikwenda kufanya nini? Nyumba za wengine zimeungua, ya kwake imebaki. Imebaki kwa nini? Waliomwona akipanda walikuwepo palepale, na walishuhudia. Farida aliyasikia akichota maji. Hakumwuliza mumewe kitu. Aliacha tu kumtazama.

Siku ya tatu walikuja Birindwa na Modeste. Daktari hakuweza, alikuwa na watu walioungua. Rachidi aliwaingiza sebuleni, mbali na macho ya uwanjani, wakakaa watatu. Modeste alianza pole zake, na alikuwa anazisema vizuri. Rachidi akamkatiza. Hakutoa karatasi, ilikuwa bado mfukoni mwa koti lilelile, lakini hakuikumbuka. Alisema tu: mbuzi wawili, bondeni, pasipo na mazuku tangu enzi. Viazi. Joto la kiganja.

Birindwa akauliza ilikuwa siku gani.

"Jumapili, tarehe sita."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, kama mtoto. Siku kumi na moja kabla ya moto. Alivua miwani. Rachidi alingoja kupigwa, angependa kupigwa.

"Ulikuwa umekaa pale," Birindwa akasema. "Nilikuona."

"Nilikuwa mwanagenzi."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Kisha Birindwa akasema, taratibu, akiwa anaongea na ile miwani mkononi:

"Nitakuambia na mimi. Daftari zangu zilitosha. Nilijua tangu Krismasi. Nilitaka mutu mwingine aseme ndiyo, ili nikikosea tukosee wawili. Wewe ulikosa kusema neno moja. Mimi niliandika kurasa kumi na mbili ili nisiliseme."

Modeste alikuwa ameinamia mikono yake minene. "Siku ile nilisema vizuri sana," akasema. Hakumaliza.

Ndipo walipomwona Farida. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na hawakujua amesimama hapo tangu lini. Aliingia, akaweka kikombe mbele ya Birindwa, akaweka kingine mbele ya Modeste, akatia sukari, akakoroga, kama anavyofanyiwa mgeni. Kisha akamgeukia mumewe.

"Jumatano mama alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Akisema nini?"

"Kama kuna kitu najua."

Farida alitikisa kichwa kidogo, kama anayepokea bei sokoni. "Huko nje banasema mulimukula mama," akasema. "Tangu jana namuomba Mungu isiwe kweli. Kumbe ningeomba ikuwe kweli. Mutu anamukula mutu juu ya kitu, juu ya mali, juu ya cheo. Wewe, juu ya nini? Toka uende uwaambie vile ilikuwa. Usiongeze, usipunguze."

Rachidi akatoka. Uwanja ulikuwa umejaa pomoni, hata ukutani walikaa watu, na walipomwona wakanyamaza wenyewe, maana walishazoea kumsikiliza mtu huyu. Alisimama kati ya mikeka miwili. Akasema kila kitu, na chama, na kiapo, na safu ya kaskazini, na ule mwaka wa kutosema, na Birindwa aliyeomba neno moja, na mbuzi. Alivunja kiapo chake mbele ya watu mia, na hakuhisi kitu. Hakuigiza sauti ya mtu, hakuchekesha. Ilikuwa hadithi mbovu kuliko zote alizowahi kusimulia, imepinda, inarudi nyuma, na alipofika mwisho hakujua kama amefika, akabaki amesimama.

Wanawake wa Munigi walikuwa wanatazamana. Mzee mmoja aliuliza jirani yake amesema nini hasa.

"Rachidi," Alima akaita kutoka kwenye sufuria. Sauti yake haikuwa ya ubaya. Alikuwa amekula kwenye nyumba hii miaka kumi. "Tumekusikia. Lakini sema yote, umalize. Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

"Hata gari?"

"Hata kitu."

Alima alimtazama muda mrefu, akijaribu kwa moyo wake wote kumwamini, na akashindwa. Kwake yeye, mtu hawezi kumwacha mzazi wa mkewe aungue kwa sababu tu alikatazwa kunyoosha mkono aseme. Aligeuka akakoroga sufuria. Watu wa Munigi walianza kukusanya rozari zao na kunyanyuka, mmoja, halafu wawili, na Waislamu wa Majengo wakafuata, kila mtu akimuaga Farida na kupita mbali na mumewe. Chakula kilikuwa bado hakijaiva. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Farida alitazama sufuria na kuona ni kubwa mno, akamwomba Alima amsaidie kuiepua.